Unga wa Madini Niliompa Mdogo Wangu

Msambweni, Jumatano, baada ya adhuhuri.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikatulia, na sasa jua limetoka kali hata ua mzima unafuka mvuke. Nimelazwa upande wa dirisha nipate hewa. Miguu imevimba kama si yangu. Moyo umechoka kusukuma, ndivyo alivyosema daktari wiki iliyopita, kisha akasema tutaendelea kuangalia. Nilifundisha baiolojia miaka thelathini na minne. Maana ya "tutaendelea kuangalia" naijua.

Naandika kwa kidole kimoja, na kila baada ya mistari michache napumzika. Nisameheni makosa ya chapa.

Leo asubuhi nimeungama jambo. Nilidhani nikishalisema nitakuwa mwepesi. Sivyo ilivyokuwa.

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu mtakumbuka kwamba zamani niliandika sana kuhusu uzee wa seli. Niliandika kwamba mwili ni mji wa nyumba ndogo ndogo, kila nyumba imezungukwa na utando mwembamba unaochagua kinachoingia na kinachotoka. Kwamba mtu huzeeka utando huo unapolegea. Kwamba madini ndiyo yanayoushikilia, magnesiamu, zinki, potasiamu, na kwamba mzee anayeyapata ya kutosha hubaki na nguvu zake. Niliandika kwa ufundi, nanyi mlinisifu. Kisha makala hizo zikatoweka. Mlipouliza, nikajibu kwamba simu iliharibika, zikapotea.

Hazikupotea. Nilizifuta mwenyewe, moja moja, wiki moja baada ya kumzika mdogo wangu.

Aliitwa Mishi. Tulizaliwa wawili tu. Wakati ule baba aliweza kupeleka mtoto mmoja shule ya bweni, nikaenda mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Mishi akabaki na mama, akajifunza kushona makuti, na makuti ndiyo yaliyokuwa kazi yake mpaka mwisho. Alipenda kusema kwamba nusu ya mapaa ya hoteli za Diani yamepita mikononi mwake, na wageni wanalala chini yake hata ahsante hawajui kusema. Hakuninunia hata siku moja kwa ile shule. Barua zake nilimsomea mimi. Kadi za kliniki nilimsomea mimi, na hata maneno ya kwenye pakiti za sabuni. "Dada alisoma kwa ajili yetu sote wawili," aliwaambia watu. "Mimi nikitaka kujua jambo, namfungua dada kama kitabu."

Sikujaliwa mtoto, na mume wangu alitangulia mapema. Nilipostaafu nikawa na saa nyingi na hofu moja. Sikuogopa kufa. Niliogopa Mishi atangulie nami nibaki. Yeye alikuwa na presha, na kliniki walikuwa wamemwambia kwamba figo zimeanza kudhoofika. Nikaingia kwenye mtandao kutafuta, na anayetafuta kwa hofu hupata anachokitaka. Nikapata unga wa madini, mkebe mweupe wenye picha ya jani, ulioandikwa kwamba unahuisha utando wa seli na kurudisha nyuma uzee. Niliutumia mimi kwanza mwezi mzima. Nikajiona mwepesi. Nikaiona ngozi ya mikono imenyooka. Leo siwezi kusema kama niliona au nilitaka kuona.

Mkebe wa pili nilimpelekea Mishi. Nilimkuta barazani, mafungu ya makuti mabichi yamemzunguka.

"Haya, mwalimu," akasema, hata salamu bado. "Umeniletea nini tena? Juzi ilikuwa mbegu za mlonge. Kabla ya hapo kitunguu saumu, nikanuka hata mbuzi wakanihama."

"Huu ni wa kulinda utando wa seli."

"Mimi utando ninaoujua ni wa buibui."

"Mishi, kila seli ya mwili wako..."

"Usinipe darasa. Nisomee mkebe."

Nikavaa miwani, nikamsomea. Nilifasiri majina ya madini na kazi zake. Nilisoma vijiko viwili kwa siku. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari: mwenye maradhi ya figo au anayetumia dawa za presha asitumie kabla ya kumwuliza daktari. Jicho langu lilifika pale. Niliuona, nikauelewa, nikauruka. Nikamalizia kwa kusoma kwamba mkebe uhifadhiwe mahali pakavu.

Nimeandika hivyo mara moja na sitaandika tena.

Kwa nini? Nilijiambia kwamba watengenezaji huandika maneno kama hayo ili wajikinge tu. Lakini sababu ya kweli ni kwamba nilimjua mdogo wangu. Angesikia neno figo, angeuweka mkebe chini asiuguse tena, nami nilikwisha kujiona kuwa mimi ndiye nitakayemwokoa. Mimi, kwa kisomo changu. Kulikuwa na kiburi ndani yake, na kulikuwa na mapenzi ndani yake, na hata sasa siwezi kuvitenganisha.

Unga wenyewe ulikuwa mkali. Mishi alionja ncha ya kidole, akatema kwenye mchanga. "Dada, hiki hata mende hali."

Nikasema, basi utiwe kwenye dafu.

Anayesoma akiwa mbali na pwani huenda asielewe jinsi neno hilo lilivyokuwa jepesi. Kwetu dafu si kitu cha kuulizia. Mgonjwa hupelekewa dafu, mzazi aliyejifungua hupelekewa dafu, mgeni akifika amechoka hukatiwa dafu. Hakuna mtu wa Kwale atakayefikiri kwamba dafu linaweza kumdhuru mtu. Lakini mimi nilikuwa najua kilichomo. Nilimwambia kwa kujivuna kabisa kwamba dafu nalo lina potasiamu yake nyingi, kwa hiyo atafaidi mara mbili.

Akamwita binti yake.

"Saumu!"

"Abee, mama."

"Njoo umsikilize mama yako mkubwa. Nataka kurudi usichana, na wewe ndiye utakayenirudisha."

Saumu wakati ule alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja Diani. Nilimwelekeza: kila asubuhi dafu moja, vijiko viwili, akoroge mpaka unga uyeyuke. Alifanya hivyo kila siku kabla ya kwenda kazini. Hakukosa siku hata moja. Saumu ni mtu wa namna hiyo.

Wacha niwaeleze kilichotokea, nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi. Potasiamu makazi yake ni ndani ya seli. Nje, kwenye damu, hutakiwa kidogo tu. Ikizidi, figo huitoa. Figo zikichoka, na dawa nyingine za presha nazo zikiizuia isitoke, hubaki humo humo kwenye damu, na moyo hushindwa kujua wakati wa kupiga na wakati wa kupumzika. Huo mchoro niliuchora ubaoni kila mwaka. Watoto wa miaka kumi na saba waliujibu vizuri katika mtihani. Mimi niliujua kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na sikuufikiria kabisa nilipokuwa kwenye baraza ya mdogo wangu.

Wiki ya saba Mishi alianguka uani. Tulimfikisha hospitali saa nne za asubuhi. Saumu alikwenda kuandikisha jina, nami nikabaki kando ya kitanda. Daktari aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama kuna dawa nyingine yoyote ambayo mgonjwa alikuwa akitumia, ya kienyeji au ya dukani.

"Hapana, daktari," nikajibu.

Baadaye alitueleza kwamba potasiamu ilikuwa imepanda mno. Walifanya waliyoweza. Mishi alikata roho baada ya sala ya alasiri, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa Saumu.

Huenda jibu langu lisingebadili kitu. Huenda figo zilikuwa zimekwisha kabla ya unga, na huenda angekufa mwaka ule ule bila mkebe wowote. Nimeyapima hayo miaka sita na sikupata jibu, wala sitalipata. Kilicho wazi ni kile nilichosema nilipoulizwa.

Baada ya arobaini Saumu alihamia kwangu. "Wewe ndiye mama niliyebakishiwa," aliniambia. Mwaka jana miguu yangu ilipokataa, aliacha kazi Diani. Ananiogesha, ananigeuza, ananikata kucha. Kila siku kwa miaka hii ninaihesabu mikono yake kuwa rehema nisiyoistahili, na kila siku sikusema neno.

Sasa kilichotokea juma hili.

Kwetu mgonjwa akizidiwa, watu huja kutakana radhi naye, ili asiondoke na kitu moyoni juu yao, wala wao wasibaki na kitu juu yake. Habari zimeenea kwamba Mwalimu hali yake si nzuri, basi tangu Jumamosi mlango haufungwi. Bwana mmoja wa makamo, mwenye mvi tele, aliungama kwamba ndiye aliyetia chura kwenye droo ya meza yangu akiwa kidato cha pili. Bi Nimzao, jirani yangu, aliketi akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Mwalimu, niwie radhi. Nilikusengenya. Nilisema kisamvu chako kina mchanga."

"Bi Nimzao, kilikuwa na mchanga."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi hilo tulifute, si uongo. Nina mengine."

Tulicheka mpaka Saumu akaja kuniinua nisipaliwe. Nimetoa radhi juma hili kama mtu anayegawa halua harusini, kwa kila aliyenyoosha mkono. Yangu sikuomba kwa mtu.

Leo asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha, Saumu alimaliza kuniogesha. Alinikausha miguu, kidole kwa kidole, maana ngozi imekuwa nyembamba. Kisha hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, akanishika mkono.

"Mama mkubwa, watu wote wamekuja, mimi bado. Niwie radhi. Pengine nilikujibu vibaya nikiwa nimechoka. Pengine kuna siku nilichelewa kukugeuza."

Niliutazama mkono wake juu ya wangu.

"Mama mkubwa? Kuna nililokukosea?"

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia habari za mkebe na mstari wa mwisho. Nilimwambia alichouliza daktari na nilichojibu. Niliyasema haraka haraka, nikiogopa pumzi itakatika njiani. Hakuniachia mkono. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza siku ile barazani nilipokuwa nikimwelekeza.

"Vijiko viwili," akasema.

"Ndiyo."

"Na dafu."

"Na dafu, mwanangu."

"Nilikuwa nikimchagulia yaliyojaa," akasema. "Nilikuwa nayatikisa kwanza nisikie. Yenye maji machache nilikuwa nakunywa mimi, makubwa namwekea yeye."

Akachukua beseni, akatoka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Nilijiandaa kulaaniwa. Nilijiandaa afunge virago, arudi Diani, nami nife mikononi mwa majirani. Hili sikujiandaa nalo. Miaka sita nilihesabu kwamba kosa ni baina yangu na Mishi na Mola wangu, na Saumu nilimweka kando kama mtu atakayesikia kisha ahukumu. Sikukumbuka ule unga ulikorogwa na mkono wa nani. Nilipoutua mzigo wangu, nilimtwisha yeye.

Alirudi na uji. Alinilisha kijiko kwa kijiko, akinifuta kidevu. Uji ulikuwa na sukari ile ile niipendayo. Bakuli lilipokwisha akasema, bila kunitazama:

"Radhi yangu unayo, mama mkubwa. Nimekuwia radhi, duniani na akhera."

Nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akasema:

"Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakoroga. Yangu nitaiomba kwa nani?"

"Saumu, wewe hukujua."

"Sikujua. Lakini alikunywa mkononi mwangu, akaniambia ahsante mwanangu. Kila siku ahsante." Akageuza bakuli mkononi, akaligeuza tena. "Wewe umesoma, niambie. Ule unga ulipokuwa ukimdhuru, alikuwa anaumia? Maana mimi nilikuwa namwona kila siku. Kama alikuwa anaumia, mbona sikuona?"

"Sijui," nikamwambia. "Mwanangu, sijui."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeitarajia hiyo sijui, akachukua bakuli na kijiko, akatoka. Tangu wakati ule ameingia mara mbili, mara ya kwanza kunipa dawa, mara ya pili kufungua dirisha jua lilipotoka. Anasema nami vizuri. Macho yamevimba.

Nimeandika yote haya na bado sijasema kweli.

Najua. Najua kama alikuwa anaumia.

Ilikuwa Jumapili, wiki mbili kabla hajaanguka. Mishi alikuja kwangu kwa miguu, akakaa hapo mlangoni kwenye kiti cha kamba, akahema muda mrefu kabla hajaweza kusema. Akaniambia miguu imekuwa mizito, kama anatembea kwenye mchanga uliolowa. Akaniambia midomo inamwasha asubuhi, na moyo unadunda, kisha unasahau, kisha unakumbuka kwa kishindo. Aliniuliza mimi. Si kliniki, si binti yake. Alikuja kwa dada yake aliyesoma kwa ajili ya wote wawili.

Nikamwambia ni dalili nzuri. Nikamwambia ndivyo mwili unavyokuwa madini yanapoanza kufanya kazi, seli zinafagia uchafu wa miaka. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye ukurasa wa wauzaji wenyewe.

Akacheka. "Basi waambie hao wafagie taratibu. Mwenye nyumba ni mzee." Kisha akainuka kwa kushika fremu ya mlango, akasema, "Na usimwambie Saumu. Ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga, ataacha kazi aje anikalie. Mbele yake nitatembea vizuri."

Na alitembea vizuri. Nilimwona kwa macho yangu. Saumu akiwapo, Mishi alikuwa akinyoosha mgongo, akiimba, akimtuma chumvi kwa jirani ili asimwone akiinuka.

Ndiyo sababu hakuona. Alifichwa. Mama yake alimficha, na mtu pekee aliyeambiwa ni mimi.

Asubuhi neno hilo lilinijia mpaka kwenye ulimi, nikalirudisha. Nikajiambia namhurumia, kwa nini ajue kwamba mama yake aliteseka. Nilipolala hapa nikitazama ua ukikauka nimejiuliza kama kweli ilikuwa huruma. Alikwisha kuniwia radhi. Niliogopa kwamba akiisikia Jumapili ile atairudisha radhi yake, na ana haki ya kuirudisha, kwa sababu alinipa kwa mambo aliyoyajua, na la kubwa hakulijua. Nimekuwa kama mtu aliyepokea zawadi na kuifunika upesi isije ikaombwa.

Nikinyamaza, nitakwenda na radhi yangu, naye atabaki. Ana miaka arobaini na mitatu. Atazikumbuka zile asubuhi moja baada ya nyingine, siku arobaini na kitu, akitafuta katika uso wa mama yake ishara ambayo haikuwapo. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwambia kwamba haikuwapo. Nikifa leo, habari hiyo inakufa.

Nikisema, huenda nikafa bila radhi yake.

Nimeliandika hilo katika sentensi moja peke yake nilitazame. Linatisha, lakini si kubwa kama nilivyodhani. Mimi nina siku chache za kuishi bila kusamehewa. Yeye ana miaka.

Nilitaka kumalizia kwa kusema kwamba nitamweleza kesho, nikipata nguvu. Nimelifuta. Nguvu nilizo nazo ni hizi, na kesho sina hakika nayo. Kupitia dirishani namwona Saumu uani, anaanika mashuka yangu, anayakung'uta moja moja kabla ya kuyatundika. Nitaiweka simu chini. Sitamwomba kitu. Nitamwambia tu mama yake alikuja hapa Jumapili, na alisema nini, na nilimjibu nini, na alimficha kwa ufundi gani.

Nimemwita mara moja. Sauti haikufika.

Namwita tena.